Kelele za Mashine Zetu: Historia ya Kupiga Chapa Kamina

Reli haikuja Kamina, mji wetu wa Katanga nchini Kongo, na mabehewa peke yake. Ilikuja na karatasi. Njia iliyotoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikafika Bukama mwaka 1918, na kutoka Bukama kampuni ya BCK ikaijenga hadi Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1928, na Kamina ikawa kituo kikubwa katikati ya njia. Kila behewa lililopita lilidai hati, hati ikadai nakala, na nakala zikadai mtu wa kuziandika. Ndivyo mashine ya chapa ilivyoingia mji huu, na iliingia na kelele zake.

Mimi nimekula kwa kazi hiyo. Baba alikuwa karani wa reli. Mimi nilijifunzia kupiga chapa shuleni, katika seksheni ya komersiale, ambako mwalimu alitufunika mikono kwa kitambaa ili vidole vijue vitufe bila msaada wa macho. Sasa nina kibanda changu katika mtaa wa Sobongo, na juu ya mlango pana ubao wa Secrétariat public. Watu huniletea barua za kuomba kazi, hati za viwanja, vitabu vya kumaliza chuo, mialiko ya harusi na matangazo ya msiba. Wananiita Mama Dactylo, hata wale walionizidi umri. Siku hizi vijana wanaotaka kufungua vibanda vyao huja na swali moja: Mama, zile laptopu zisizo na feni, zisizotoa sauti hata kidogo, zinafaa kazi yetu au ni za kuchezea tu?

Siwezi kuwajibu kwa neno moja. Kila mashine ya kuandikia iliyopita mikononi mwetu tangu siku za BCK ilipiga kelele kwa sababu yake, na kelele hiyo ilikuwa bei ya kitu ambacho kazi ilikihitaji. Anayejua kelele ilinunua nini ndiye anayeweza kuamua kama sasa aache kuilipia.

Kabla ya nakala

Nchi hii ilikuwa na watunza kumbukumbu kabla ya makarani. Katika ufalme wa Waluba, chama cha Mbudye kilikuwa na wataalamu walioitwa bana balute, watu wa kumbukumbu. Chombo chao kilikuwa lukasa: kibao cha mti kinachoenea mkononi, chembamba kiunoni, kilichopigiliwa shanga, kauri na vijiti vya chuma. Msomaji alipitisha kidole juu yake huku akisimulia nasaba za wafalme, habari za mashujaa waasisi Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga, njia za safari na mahali patakatifu. Rangi ya ushanga, ukubwa wake na jirani zake ndivyo vilivyomwongoza, na masimulizi yaliweza kupanuka au kufupishwa kulingana na waliokaa mbele yake. Mwaka 1996 Mary Nooter Roberts na Allen F. Roberts walitoa kitabu kikubwa juu ya sanaa hiyo, pamoja na maonyesho mjini New York. Vibao vingi vimetunzwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, mbali na mikono iliyoweza kuvisoma.

Lukasa ilikuwa nzuri kwa kazi yake, lakini haikuweza kutoa nakala. Maana yake ilikaa kwa mtu aliyefunzwa, na mtu huyo hakuweza kuwa Kamina na Bukama saa moja. Utawala wa kikoloni na kampuni ya reli walitaka kinyume chake: maneno yaleyale, siku ileile, katika ofisi nne au tano, yasomwe na mtu yeyote anayejua Kifaransa. Walihitaji kaboni.

Hapo ndipo kelele inapoanza. Katika mashine ya chapa ya kawaida, herufi ya chuma huruka ikagonga utepe wa wino, utepe ukagonga karatasi, na nyuma ya karatasi lipo roli la mpira mgumu la kupokea pigo. Ukipanga karatasi, kaboni, karatasi nyembamba, kaboni tena, mpaka nakala tano, pigo moja lazima lipenye zote. Karani wa reli alipiga vitufe kama mtu anayetwanga muhogo. Nakala ya mwisho isiposomeka, mtu wa stesheni ya mbele hajui behewa ni la nani wala lina nini.

Ughaibuni walijaribu mapema kuiondoa kelele hiyo. Nchini Marekani, Wellington Parker Kidder alibuni mashine ambayo herufi haikurushwa. Ilisogezwa hadi karibu na utepe, kisha ikakandamizwa. Iliuzwa kwa jina la Noiseless, na katika miaka ya 1920 Remington ikaichukua biashara hiyo na kuiendeleza kwa miaka mingi. Ofisi za mawakili na mabenki ziliipenda, kwa kuwa mtu aliweza kuzungumza kwenye simu huku karani akiandika kando yake. Ila mkandamizo wa taratibu haukuwa na nguvu ya pigo, na kaboni za chini zilitoka hafifu. Barua ya nakala moja au mbili ilipata raha, lakini ofisi iliyoishi kwa nakala nyingi ilipata hasara. Huo ndio mfano wa kwanza wa mashine ya kimya niujuao, na tayari una fundisho lote ndani yake: ukimya ulikuwa halisi, na bei yake ilikuwa nakala ya tano.

Huku kwetu nakala ziliongezeka. Mwaka 1956 ilifunguliwa reli ya Kamina hadi Kabalo. Reli ya upande wa Kabalo na Albertville, yaani Kalemie, ilikuwa ya upana wa mita moja. Ikapanuliwa ifikie milimita 1,067 ili mabehewa ya ziwani yaweze kuingia Kamina na kuendelea hadi Katanga kusini bila kupakuliwa. Kamina ikawa njia panda ya kweli: Ilebo upande mmoja, Lubumbashi upande wa pili, Tanganyika upande wa tatu. Nje ya mji kulikuwa na kambi kubwa ya Wabelgiji, Base Kamina, walikofundisha marubani wao, nayo ilikuwa na makaratasi yake. Baba alikuwa akisema kwamba mwisho wa mwezi haukuhitaji kalenda. Ulisikika kutoka barabarani, kwa jinsi ofisi zilivyogonga.

Kulikuwa pia na stensili, ambayo vijana hawaijui. Ulitoa utepe kwenye mashine, ukaingiza karatasi yenye nta, ukapiga herufi tupu ili zikate nta hiyo. Kisha karatasi ilifungwa kwenye ngoma ya mashine ya Gestetner, ukazungusha mkono, wino ukapita penye mikato. Mitihani ya shule zetu ilitoka hivyo. Herufi ya O iliyopigwa kwa hasira ilikata duara zima na kuacha tundu. Iliyopigwa kwa upole haikutoka kabisa. Mpiga chapa mzuri alijulikana kwa sikio: pigo moja, sauti moja, tangu asubuhi hadi jioni.

Kipaza sauti hakichagui

Wakati ofisi zikigonga, kulikuwa na watu Kamina waliohitaji ukimya kwa kazi yao, nao walikuwa Wafransisko. Padre Placide Tempels, ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilichapishwa Élisabethville mwaka 1945, alikuwa wa shirika hilo na alifanya kazi miongoni mwa Waluba wa nchi hii. Mwaka 1954 ilitoka kamusi kubwa ya Kiluba na Kifaransa ya Edmond Van Avermaet na Benoît Mbuya, kitabu ambacho mpaka leo hunitatulia tahajia ninapopelekewa maneno ya Kiluba ya zamani.

Kisha akaja Padre Guido Haazen, aliyefika Kongo mwaka 1953. Alikusanya wavulana na walimu wao hapa Kamina wakawa kwaya ya Les Troubadours du Roi Baudouin. Tarehe 23 Machi 1958, katika misheni ya Mtakatifu Bavo, waliimba kwa mara ya kwanza misa iliyokuja kujulikana duniani kote kama Missa Luba. Mwaka huohuo walizunguka Ulaya, wakaimba kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels, na kampuni ya Philips ikatoa sahani. Muziki huo haukuandikwa kwanza kwenye karatasi; waimbaji waliubuni juu ya maneno ya Kilatini kwa mitindo ya nyimbo za kwao, na rekodi ndiyo iliyoushika ulivyo.

Jambo hilo lina uzito kwa mtu wa kazi yangu. Sauti ya Kamina iliyosafiri mbali kuliko zote haikupita kwenye mashine ya chapa hata moja. Ilipita kwenye kipaza sauti, na kipaza sauti hakina adabu ya sikio la binadamu. Sikio husikiliza mwimbaji likasahau kilicho kando yake. Kipaza sauti hunasa vyote kwa haki sawa, mwimbaji, jogoo na injini. Leo watu huniletea sauti za wazee walizorekodi ili nizitie kwenye maandishi: ugomvi wa mpaka wa kijiji, nasaba ya chifu, wosia wa baba. Mara nyingine mzee huletwa kibandani kwangu na tunarekodi moja kwa moja kwenye laptopu. Ikiwa mashine ina feni, mvumo wake hukaa chini ya kila neno, na mzee akipunguza sauti, kama wazee wanavyofanya wakifika penye siri, mvumo unashinda. Hapo ukimya si anasa.

Mashine zinatoka ofisini

Mwaka 1974 reli zote za nchi ziliwekwa chini ya shirika moja, SNCZ. Katika miaka ya 1990 zikapitia mikononi mwa Sizarail, na tangu 1997 shirika linaitwa SNCC. Miaka hiyohiyo ya 1990 uchumi wa Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati ule, ulianguka, bei zikapanda kwa kasi ambayo noti haikuweza kuifuata, na ofisi nyingi zikapunguza watu au zikafunga milango. Mashine za chapa zikatoka. Zingine ziliuzwa, zingine zilitolewa badala ya fedha, zingine zilihamia kwenye baraza za nyumba. Karani aliyekuwa akiandikia kampuni akaanza kumwandikia jirani.

Hapo ndipo kazi yetu ya sasa ilipozaliwa: meza moja, mashine moja, kivuli cha bati au cha mwembe, na mteja aliyekaa kwenye kiti akieleza shida yake. Nilianza hivyo, kwa Olivetti ya mkoba. Mashine hiyo haikuhitaji umeme. Utepe uliokauka uliweza kurudishiwa uhai kwa matone machache ya mafuta, na ukurasa uliandikika hata katika wiki ambayo mji mzima ulikuwa gizani. Kelele yake ilikuwa tangazo pia. Mgeni aliyetafuta mtu wa kumwandikia barua alifuata sauti hadi mlangoni.

Vita vya 1998 hadi 2003 vilijaza Kamina watu waliokimbia vijiji vyao. Watu wengi ni orodha nyingi: ya chakula, ya mablanketi, ya watoto waliopotezana na wazazi. Makanisa na mashirika ya misaada yalikuja na kompyuta, na sisi wa mashine za chapa tukaona kwa macho yetu orodha ya majina mia tatu ikisahihishwa jina moja bila kupigwa upya yote. Baada ya kuona hivyo, hakuna aliyetaka tena kununua kaboni.

Kelele ya kasi

Kompyuta za kwanza nilizozigusa zilikuwa za kusimama, zenye kioo kizito kama kifua cha televisheni za zamani. Hazikugonga, zilivuma. Feni moja ilikuwa kwenye boksi la umeme, nyingine juu ya prosesa, na diski ilizunguka kwa mlio wake mwembamba. Safari hii kelele ilinunua kasi.

Hesabu yake ni rahisi kufuata. Prosesa za aina ya 486, zilizotoka mwaka 1989, zilitoa joto la wati chache, na nyingi zilipoa zenyewe kwa hewa tu. Pentium ya kwanza, mwaka 1993, ilikaribia wati 15, na feni ikawa kitu cha kawaida. Kufikia 2004, Pentium 4 zenye nguvu zaidi zilipita wati 100 kwa kipande cha silikoni kidogo kuliko sanduku la kiberiti. Joto hilo lisipotolewa kwa upepo, mashine hujizima ili isiungue.

Upepo huo ndio uliotuletea balaa, kwa kuwa upepo wa Kamina si upepo mtupu. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hainyeshi, barabara ni za udongo mwekundu, na kila pikipiki inayopita hunyanyua vumbi lake. Feni hulivuta hilo vumbi ndani bila kuuliza. Likichanganyika na nyuzi za nguo huwa tabaka linaloziba mapezi ya kupoozea. Feni huzidi kuzunguka kwa nguvu, kelele huongezeka, joto halitoki, mwishowe mashine huzima katikati ya ukurasa. Mafundi wa mji huu wengi wamesomesha watoto kwa kusafisha feni.

Juu ya feni kulikuwa na jenereta, ambayo wengi huku huiita gurupe. Umeme wa bwawa la Inga umekuwa ukisafiri kilomita zipatazo 1,700 hadi Kolwezi tangu 1982, ukipita juu ya vijiji visivyo na taa kuelekea migodini. Waya wa volti 25,000 wa treni za umeme, uliotundikwa kwanza upande wa Likasi katika miaka ya 1950, ulifika hadi Kamina. Hata hivyo umeme wa nyumbani na wa vibandani huja na kuondoka. Basi kompyuta ya kusimama ilidai jenereta, jenereta ikadai petroli, na mteja aliyetaka barua ya ukurasa mmoja akalipia moshi. Vyombo viwili vilinguruma ili mtu aandike maneno mia mbili.

Waliochukia feni

Kulikuwa na watu waliopinga feni tangu mwanzo. Apple II ya mwaka 1977 haikuwa na feni, wala Macintosh ya 1984, kwa sababu Steve Jobs hakutaka kelele mezani. Watumiaji walilalamika juu ya joto, na Macintosh SE ya 1987, iliyotoka Jobs akiwa ameshaondoka, ikapewa feni. Ukimya wa wakati ule ulilazimishwa juu ya mashine ambayo bado ilikuwa na joto, kwa hiyo haukuweza kudumu.

Njia iliyotufaa sisi ilitoka kwingine. Januari 2005, mjini Davos, Nicholas Negroponte alitangaza mpango wa laptopu ya watoto ya dola 100. Ilipotoka mwaka 2007 kwa jina la XO, bei ilikaribia mara mbili ya ile iliyoahidiwa, na wengi wakacheka rangi yake ya kijani na masikio yake ya antena. Lakini iangalieni vizuri. Haikuwa na feni. Haikuwa na diski ya kuzunguka. Ilihifadhi kazi kwenye chipu ya gigabaiti 1. Kibodi yake ilikuwa mpira mzima usiopitisha vumbi wala maji. Kioo chake kilisomeka juani. Prosesa yake, AMD Geode ya megahezi 433, ilikuwa dhaifu hata kwa wakati huo, na udhaifu huo ndio uliofanya mengine yote yawezekane. Rwanda, jirani yetu, ilianza kuzigawa mashuleni mwaka 2008, na kwa miaka iliyofuata zikapita 200,000. Kama chombo cha kubadilisha elimu, XO imebishaniwa sana. Kama mashine iliyoundwa na watu waliofikiria vumbi kabla ya kufikiria kasi, haijawahi kupata sifa inayostahili.

Baada yake prosesa zenyewe zilipoa. Intel ilitoa Atom mwaka 2008, kisha Core M ya wati 4.5 mwaka 2014, na mwaka uliofuata Apple ikauza MacBook ya inchi 12 isiyo na feni. Novemba 2020 ikaja MacBook Air ya chipu ya M1, isiyo na feni na yenye kasi kuliko nyingi zilizokuwa na feni. Tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba kimya maana yake ni unyonge. Bei ya hiyo si ya kibanda cha Sobongo. Ila chini yake kuna ukoo mzima wa mashine za bei nafuu zenye prosesa za wati 6, kama Celeron N4020 ya 2019 na N100 ya 2023, ambazo mara nyingi hutengenezwa bila feni. Hizo ndizo vijana wanazoniulizia.

Zimetukuta wakati wa kazi nyingi. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa mikoa minne, na Kamina ikawa makao makuu ya Haut-Lomami. Ofisi ya gavana, bunge la mkoa, wizara za mkoa, wote walihitaji barua, na kila mwananchi aliyekuwa na haja nao alihitaji barua ya kuwapelekea. Paneli za jua nazo zilikuwa zimeshuka bei kiasi kwamba mwenye kibanda aliweza kuwa na yake.

Hapo hesabu ikageuka. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ukiitunza kwa kutumia nusu tu, una 600. Kompyuta ya kusimama na kioo chake, kwa wati 150, huimaliza kwa saa 4. Laptopu isiyo na feni, inayokula wati kama 10 wakati wa kuandika, hupata saa 60 kwa hesabu ya karatasi, na hata ukitoa kinachopotea njiani zinabaki siku kadhaa za kazi. Msidhani feni ndiyo mlafi. Yenyewe hula wati moja au mbili. Mlafi ni prosesa inayoihitaji feni. Mashine ikinyamaza, imekuambia kwamba haina joto la kutupa, na isiyo na joto la kutupa haijala betri yako bure.

Bado kuna kitu kimoja kibandani ambacho hakijanyamaza: printa ya leza. Inapopasha roli lake huvuta mamia ya wati kwa mpigo, na inverta ndogo husalimu amri. Ninaandika mchana kutwa kwa jua, nachapisha umeme wa mji unapokuwepo, na kazi ya haraka hutoka kwenye printa ya wino. Atakayefungua kibanda apange hilo kabla hajachagua laptopu.

Neno kwa wanaochagua

Mashine ya kimya ina masharti yake. Joto lake hutoka kupitia mwili wake, kwa bamba la chuma lililo chini ya kibodi. Ukiilaza juu ya kitanda au kitenge umeifunika pua. Oktoba, chini ya bati, itapunguza kasi yenyewe ili isiungue, na kazi nzito itakwenda polepole. Kumbukumbu yake mara nyingi imechomelewa kwenye bodi, haiongezwi baadaye, kwa hiyo gigabaiti 8 ni bora kuliko 4 hata kama unafunga mkanda. Zile zenye hifadhi ya gigabaiti 64 hujaa kwa masasisho peke yake. Yenye kuchajiwa kwa USB-C ina heri, kwa kuwa inaweza kupokea umeme wa betri ya volti 12 kwa adapta ya gari, bila inverta. Na usimwamini muuzaji anayesema haina feni: geuza, tafuta matundu ya hewa, kisha cheza video kwa robo saa huku umeweka sikio karibu. Zipo ambazo feni hulala ikiwa baridi na kuamka ikichoka. Hizo huvuta vumbi kama zingine.

Kwa barua, hesabu, orodha, vitabu vya wanafunzi, tafsiri, na kurekodi sauti za wazee, hukumu yangu ni moja: nunua isiyo na feni, na fedha utakayookoa kwa petroli na kwa fundi uiweke kwenye betri nzuri. Kwa kuhariri video za harusi, kuchora ramani au kuendesha programu kubwa za uhandisi, nunua yenye feni, na kila kiangazi kikiisha ipeleke ikasafishwe. Makarani wa BCK waliilipia kelele kwa sababu walihitaji nakala ya tano. Andika kazi zako zote kwenye karatasi kabla ya kutoa pesa. Ikiwa hakuna hata moja inayoihitaji kelele, usiilipie.